Ijumaa Iliyotengenezwa Iringa

Iringa, 20 Aprili 2025

Kwa dada yangu Nasrin,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima. Baridi imeanza mapema mwaka huu na wifi yako kifua kinambana, lakini anafanya kazi zake. Amna amemaliza chuo, na wale watu wa Kihesa wameleta posa rasmi. Tumewakubalia. Harusi tumeipanga Oktoba, Mungu akipenda. Nakueleza kwa kuwa ni haki ya shangazi kujua.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikikubana unalia, ukilia mimi nanyamaza, na tukishanyamaza unakata. Barua haikatwi. Hii nampa kondakta wa basi la asubuhi ataiacha dukani kwako Mwanjelwa.

Dada, mama alifariki lini?

Tulia kwanza ndipo unijibu. Jumamosi ile ya Ramadhani ulinipigia tumetoka tu kuswali alfajiri, ukasema mama ametutoka. Nikapanda basi la kwanza. Nilifika Mbeya alasiri, nikawakuta watu wanarudi makaburini, viatu vimejaa udongo. Nikajiambia sawa, maiti hacheleweshwi. Sikumlaumu mtu.

Juzi nikafungua ukurasa wa ukoo, ule niliowatengenezea mimi mwenyewe ili ndugu wa Tanga na Dodoma na Maskati wajue nani kazaliwa, nani kaoa, nani kaondoka. Mwanao Muhidini ndiye anayejaza habari. Kwenye jina la mama pameandikwa: Amefariki Ijumaa, 14 Machi 2025, saa 10 alfajiri.

Ijumaa, dada. Na jioni ya Ijumaa hiyo, baada ya futari, nilikupigia nikaomba nimsikie mama. Ukanijibu, "Mama amelala." Kwa sauti ya kawaida kabisa. Na Kaka Shamsudin alitua Mbeya mchana wa siku hiyohiyo akitokea Tanga. Sasa picha nimeiona yote. Mlimsubiri Shamsudin wa Tanga, mkakaa na maiti ya mama siku nzima na usiku wake, halafu mimi wa hapa Iringa mkanipigia kaburi likiwa limeshaanza kuchimbwa.

Tangu nilipooa huku mlikuwa mnaniona mtu wa pembeni. Sikujua kwamba hata mama mtanizikia.

Mdogo wako,
Idrisa


Mwanjelwa, Mbeya, 11 Mei 2025

Mdogo wangu Idrisa,

Waalaykum salaam. Pole na baridi. Wifi mwambie anywe maji ya tangawizi, asiendekeze vidonge. Kuhusu Amna nimefurahi mpaka nimefunga duka mapema. Huku biashara inasuasua, mvua imechelewa kukatika na njia ya sokoni ni tope tupu. Mkwe wangu, mke wa Muhidini, amejifungua salama mtoto wa kike, usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 22 ya mwezi uliopita, saa nane. Tumempa jina la mama, Mwanakhamisi.

Na huo ukurasa wako unasema kazaliwa Jumatatu. Jumatatu kutwa mama yake alikuwa jikoni kwangu anamenya ndizi, tumbo liko mbele. Labda alizaa mara mbili.

Barua yako nimeisoma nimesimama dukani, mteja ananiuliza bei ya khanga na mimi simsikii. Nikaenda kuisoma tena chooni, maana nyumba imejaa watu wa kumwona mtoto. Idrisa, wewe umeandika kwamba nilikaa na maiti ya mama mchana kutwa wa Ramadhani, nikafuturu pembeni yake, nikapokea simu yako nikasema amelala. Umeandika kwa mkono wako. Ukaikunja. Ukampa kondakta.

Mama alifariki Jumamosi. Tulikuwa tunakula daku. Kaka Shamsudin alikuwa na uji mdomoni. Nilikwenda kumgeuza ubavu nikamkuta amekwisha. Waliokuwepo ni watu wanane, uliza unayemtaka. Shamsudin alikuja kwa sababu mama mwenyewe alimwita, na wewe pia alikuita, mwanzo wa mwezi, ukasema una kazi ya mteja hujaimaliza. Hilo sikukukumbusha msibani.

Kuhusu simu ya Ijumaa nimeshakujibu siku ileile. Sina la kuongeza.

Muhidini anasema aliandika tarehe 15, na anasema wewe ndiye mwenye funguo za ndani za huo ukurasa. Basi fungua uangalie aliandika nini. Ni kazi ya dakika ngapi kwa mtu kama wewe?

Dada yako,
Nasrin


Iringa, 2 Juni 2025

Dada Nasrin,

Salaam. Mtoto nimempokea, Mungu amkuze. Huku tunaendelea. Wifi yako anashukuru kwa ushauri wa tangawizi.

Naomba nikueleze jambo, maana naona unaidharau kazi yangu. Mashine inatunza tarehe kwa namna ya wazungu: mwaka mbele, mwezi katikati, siku nyuma, na saa zao zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane. Ukimpa bibi wa Tanga asome hivyo, atakuuliza hii ni namba ya simu ya nani. Basi kila tangazo linamiminwa kwenye templeti, yaani ule mchoro mmoja wa ukurasa, na palipo na tarehe templeti haiandiki ilivyoikuta. Inaikabidhi kwanza kwa fanksheni, yaani kipande cha maagizo kwa mashine, niliyoiandika mimi, nimeiita tarehe_yetu. Hiyo inairudisha ikiwa imeshavaa Kiswahili: Jumatano, 5 Februari, saa 3 asubuhi. Zilizotengenezwa na wenzetu wa nje nilizijaribu, zinasema Wednesday na saa zao. Nilikaa wiki nzima kuiandika. Leo iko kwenye kurasa za wateja wangu wote, wa hapa mjini mpaka wa Ilula, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Fanksheni haina ndugu, dada. Haijui nani alimpenda Shamsudin kuliko nani. Inapewa tarehe, inaitafsiri. Kama mtoto wa Muhidini ameandikwa Jumatatu, basi Muhidini alikuwa na usingizi, mtu aliyekesha hospitali anaweza kukosea. Lakini siku ya kufa bibi yake hawezi kuikosea. Kwa hiyo sifungui kitu. Kufungua ni kukubali kwamba neno lenu na kazi yangu vina uzito sawa.

Tena hapa msikitini nimeshawaambia watu kwamba mama yangu alifariki Ijumaa ya Ramadhani, na wamemwombea kwa heshima ya siku hiyo. Sitarudi kuwaambia dada yangu ameibadilisha.

Sasa la Amna. Najua kwetu shangazi ndiye anayemfunda mwari na ndiye anayemtoa siku ya harusi. Mwaka huu haitakuwa hivyo. Atatolewa na mama yake mdogo wa upande wa mama. Kadi ya mwaliko tutakutumia kama tunavyowatumia wageni wengine.

Idrisa


Mwanjelwa, Mbeya, 6 Julai 2025

Idrisa,

Salaam. Sote wazima.

Nilikaa mwezi mzima bila kukujibu kwa sababu kila nilichokiandika nilikichana. Leo naandika kifupi.

Doti za khanga za Amna niliziweka kando tangu akiwa darasa la saba. Kila mzigo mzuri ukiingia natoa moja, nafungia kabatini. Mama alikuwa ananicheka, anasema mtoto mwenyewe bado anacheza kombolela. Hina nimeshaagiza. Mimi sina binti, unalijua hilo. Niliyenaye wa kumtoa ni huyo mmoja.

Nimekubali uninyime neno la heri. Nimekubali uwaambie watu wa msikitini kwako unachotaka kuhusu mama. Hili la Amna nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu tuzaliwe, wewe ndiye ulikuwa unaomba na mimi natoa. Ukishazeeka kama mimi utajua kuomba kwa mdogo wako kunakwaruza koo.

Na bado nasema fungua uangalie.

Nasrin


Iringa, 21 Septemba 2025

Dada yangu mpendwa Nasrin,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii inakukuta katika afya njema, wewe na Muhidini na mkwe wako na mtoto Mwanakhamisi, ambaye naamini sasa anakaa. Sisi hatujambo. Kifua cha wifi yako kimepona. Jua limerudi na watu wanaandaa mashamba.

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Mwezi huu nimekuwa na msukosuko kazini. Mteja wangu Ambrosi, dalali wa nyanya pale Ilula, tumegombana. Wakulima wake walitoa matenga yao barabarani alfajiri kusubiri lori ambalo halikuja mpaka kesho yake, na nyanya zikaivia juani zikapasuka zote. Mambo ya kazi, hayakuhusu.

Nimekuwa nikifikiri sana kuhusu mama. Nadhani mimi na wewe tuache kuulizana siku. Siku zote ni za Mungu. Alipofika amefika, na sisi tuliobaki tuangalie mbele.

Kuhusu harusi, ningependa iwe vingine, lakini wanawake wa upande wa wifi yako wameshagawana kazi na wameshashona sare, na mama mdogo ameshachukua likizo. Kubadilisha sasa kutaleta maswali, na maswali katika shughuli si mazuri. Ukipata nafasi, karibu kama mgeni wetu wa heshima. Ukishindwa, tutaelewa.

Amna anakusalimu sana.

Mdogo wako akupendaye,
Idrisa


Iringa, 23 Novemba 2025

Dada Nasrin,

Assalaam alaykum. Sijapata jibu la barua ya Septemba, na kwenye harusi hatukukuona. Kiti chako kilikuwepo mstari wa mbele. Amna alipendeza. Alipotoka aliangalia mlangoni mara kadhaa, na wifi yako akamwambia asigeuzegeuze shingo, kamera inachukua. Doti ulizompa Muhidini alete zilifika. Alivaa moja siku ya pili, akalia nayo.

Nina jambo la kukueleza na ni zito.

Wiki iliyopita nilikuwa napitia kazi zangu za zamani, nikaifungua ile fanksheni. Dada, nilikosea. Saa yetu na ya mashine zimepishana kwa saa sita, unajua, yao ya kumi ndiyo yetu ya nne. Basi mimi niliandika hivi: chukua tarehe na saa yake, rudisha nyuma saa sita, ndipo usome siku na saa. Kwa tangazo la mchana hakuna kinachoharibika, na matangazo ya watu karibu yote ni ya mchana. Lakini kitu kilichotokea usiku wa manane ukishapita, kabla jua halijatoka, ukikirudisha nyuma saa sita kinaangukia jana. Saa kumi alfajiri ya Jumamosi inatoka Ijumaa. Nilipaswa kusoma siku kwanza, ndipo nibadilishe saa. Ni mistari miwili tu, wa chini ulitakiwa uwe juu.

Muhidini hakukosea. Ndani pameandikwa tarehe 15, kama alivyosema. Na mtoto wake ni wa Jumanne.

Kwa hiyo mama alifariki Jumamosi, kama ulivyosema.

Naumia kwamba nimegundua sasa, harusi ikiwa imeshapita. Ningejua mapema ungemtoa wewe, Wallahi. Imekuwa bahati mbaya ya wakati. Fanksheni nimeshairekebisha na ukurasa sasa unaonyesha sawasawa. Naomba unisamehe na Idd ijayo tuje Mbeya, tuzuru kaburi pamoja.

Mdogo wako,
Idrisa


Mwanjelwa, Mbeya, 14 Desemba 2025

Idrisa,

Waalaykum salaam. Mvua imeanza vizuri. Mtoto Mwanakhamisi ana meno mawili na anauma. Kaka Shamsudin alipita wiki jana, anaumwa mgongo. Duka liko pale pale.

Barua yako ilipofika nilifurahi. Nakwambia kweli, nilikaa kitako nikasema alhamdulillahi, mdogo wangu amenirudia. Nikamwita Muhidini, nikamwambia nifungulie ukurasa nimwone mama yangu na siku yake. Akanifungulia. Jumamosi, 15 Machi. Nikakigusa kile kioo kwa kidole. Nikamwambia soma vyote, mpaka chini, usiruke kitu, maana maneno ya kule chini ni madogo na miwani yangu imevunjika mkono.

Akasoma. Akafika mwisho, akataka kufunga ukurasa. Nikamwambia soma.

Pameandikwa: Templeti imerekebishwa Jumanne, 9 Septemba 2025, saa 5 usiku.

Nilidhani amesoma vibaya. Akarudia. Nikamwuliza hiyo ina maana gani, akasema, "Mama, ndiyo siku aliyoitengeneza." Nikamwuliza huenda alitengeneza kitu kingine. Akasema baada ya hapo hakuna kilichoguswa. Tarehe hiyo imeandikwa na fanksheni yako mwenyewe, Idrisa, na sasa umeshaitengeneza, haikosei.

Nikatoa barua yako ya Septemba. Wiki mbili baadaye ulikuwa unaniandikia dada yangu mpendwa na warahmatullahi, na nyanya za Ilula zimeoza kwa sababu lori lilikuja kesho yake, maana fanksheni yako iliwapa wakulima siku ya nyuma, na mambo ya kazi hayakuhusu. Harusi ilikuwa bado karibu mwezi mzima. Huo mwezi ulikuwa unajua. Uliniacha nikae na hina inakauka kwenye bakuli kwa sababu wanawake wameshashona sare. Hukuogopa kunikosea, uliogopa kuwaambia watu wa msikitini na wakwe zako kwamba ulikosea wewe. Ijumaa ya mama ilikupendeza. Ilikuwa Ijumaa yako, umeitengeneza huko Iringa, ukaona aibu kuirudisha.

Fanksheni kukosea nimeisamehe. Ulikuwa peke yako, umekaa wiki nzima unataka bibi wa Tanga asome tarehe kwa Kiswahili. Ni kazi nzuri, ungeniuliza ningekusifia. Ungeandika hata mstari mmoja ile Septemba, "Dada nimekosea, panda basi," ningekuja na ndara.

Sasa la simu ya Ijumaa, maana sina tena sababu ya kulificha. Mama hakuwa amelala. Nilikudanganya, hapo uliniotea kweli. Alikuwa macho, nimemwegemeza mito. Simu ilipoita nikamwambia ni Idrisa. Sauti yake ilikuwa imeshakwenda, ilikuwa inatoka mluzi tu na mate. Akaninyooshea mkono hivi, anakataa, akasema, "Mwambie nimelala. Asinisikie hivi, atashindwa kufanya kazi yake." Nikakwambia amelala. Asubuhi yake hakuwepo. Aliniambia nisikuambie kamwe, nami nilinyamaza, ukanitukana kwa barua nikanyamaza, ukaninyima Amna nikanyamaza. Nilikuwa najiambia bora aniite mimi mwongo kuliko ajue mama aliogopa kumkatisha kazi.

Kazi yenyewe ndiyo ile.

Kaburi ni la mama yako, huhitaji ruhusa yangu. Idd mkija, Muhidini atawapeleka. Mimi nitakuwa dukani, Idd ni siku ya biashara.

Amna amenipigia mwenyewe. Hakukusema vibaya, usimwulize. Akijaaliwa uzazi ataniita, na nimemwambia nitakuja, nitakaa naye mpaka arobaini. Wakwe zake wa Kihesa wamesema chumba kipo. Nyumba yako iko njiani, naijua mpaka rangi ya geti. Nitaipita.

Nasrin